Rimoti ya kolekta iko kwa nani?

Kuna maswali matatu hayaishi kwenye karakana yetu: hela ya chai iko wapi, nani kachukua penseli, na rimoti ya kolekta iko kwa nani. Hayo mawili ya mwanzo sina msaada nayo, ila hili la tatu nimelifikiria sana mpaka vijana wananicheka, kwa hiyo leo naliandika lote hapa, maana naona mafundi wengi siku hizi, Keko, Tabata na kwingineko, wanafunga mashine za kuvuta vumbi na wote wanaishia kwenye usumbufu ule ule.

Kwa asiyeijua, dasti kolekta ni feni kubwa yenye mota, ya kwetu ni hosi pawa mbili, inavuta vumbi na maranda kutoka kwenye mashine kupitia bomba la inchi nne halafu inayasukumia kwenye mfuko. Bomba wala usihangaike na yale ya bei mbaya, sisi tumetumia PVC zile zile za maji taka. Sasa ile mashine ina kelele, na mfuko wake hata uwe mzuri vipi kuna vumbi laini linapenya, ndo maana wengi tunaiweka nje nyuma ya ukuta tunaijengea kibanda cha mabati. Vizuri. Ila swichi nayo imeenda nje. Na binadamu ni binadamu, mtu anataka kupunguza ubao wa mninga nusu inchi tu, kazi ya sekunde kumi, unadhani atatoka nje, azunguke ukuta, awashe, arudi akate, atoke tena akazime? Thubutu. Atakata hivo hivo, na anayemfuata atakata hivo hivo, jioni unakuta mashine uliyoinunua kwa hela nyingi imelala siku nzima na watu wanapiga chafya.

Na chafya ndo afadhali. Yale maranda unayoyaona sakafuni hayana neno sana, ufagio unayamaliza, linaloumiza ni lile vumbi laini usiloliona kwa macho, linabaki hewani muda mrefu baada ya msumeno kuzimwa na linashuka mpaka ndani kabisa kwenye mapafu. IARC, wale watu wa utafiti wa saratani walio chini ya WHO, waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani tangu mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Mzee mmoja aliyenifundisha randa alikuwa akisikia habari za barakoa anasema yeye kakua na vumbi na hajafa, na kweli hajafa, ila akipanda ngazi mbili lazima asimame apumzike. Na mvule ukiusaga siku nzima bila kuvuta vumbi utaujua tu usiku kwa kujikuna. Kwa hiyo swichi iwe karibu na mkono wa fundi, hilo kwangu halina mjadala. Ndo hapo rimoti inapoingia.

Rimoti zenyewe Kariakoo zimejaa, unaenda kwenye maduka ya vifaa vya umeme unaomba risiva ya volti 220, yani kile kiboksi kinachopokea amri ya rimoti, na rimoti zake, zile wanazofungia taa, pampu za maji na mageti. Nyingi zinatumia masafa ya redio ya megahezi 433, na hiyo ndo unayoitaka kwa sababu redio inapenya ukuta. Usikubali kuuziwa ile ya mwanga kama ya tivi, maana ile mpaka uielekeze mashine yenyewe na ikishaingia vumbi kwenye kijicho chake basi. Kuna na zile seti wanazouza Marekani maalumu kwa kolekta, unachomeka kwenye soketi halafu kolekta inachomekwa humo, nzuri sana, ila nyingi ni za volti 120. Kama shemeji yako anakuja likizo na anataka kukuletea zawadi mwambie asome kwanza kibandiko.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo watu wanaunguza vitu. Muuza duka atakwambia risiva yake ni ampea 10 au 16 au 30, utapiga hesabu, mota ya hosi pawa mbili ya umeme wa njia moja (fezi moja) ikishatulia inakula ampea tisa kumi hivi, utaona inatosha kabisa. Haitoshi. Ile namba imeandikwa kwa ajili ya vitu kama taa na hita. Mota wakati inaanza kuzunguka inavuta mara tano mpaka saba ya kawaida yake, yani kwa nusu sekunde unaweza kuwa na ampea 50 au 60 zinapita kwenye kile kirelei, swichi ya ndani ya risiva, kidogo kama kidole gumba. Kitakubali wiki mbili, mwezi, halafu siku moja vile vibati vya ndani vitashikana kwa moto na kolekta haizimi tena hata ubonyeze rimoti mpaka kidole kiume. Zile soketi za waifai nazo ni yale yale, hazikutengenezwa kwa mota, na ukiongeza mambo ya bando kuisha katikati ya kazi mimi siwezi kabisa.

Dawa yake ni kontakta, yani swichi kubwa ya mota inayovutwa na sumaku ya umeme, ile koili yake. Risiva isiguse mota hata kidogo, kazi yake iwe kuamsha koili ya kontakta tu, na kontakta ndo ibebe mzigo. Kwa mota kama yetu kontakta ya ampea 18 au 25 yenye koili ya 220 inatosha, chini yake unafunga ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, uliyoiseti kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Kama umeme wako ni wa njia moja laini ipitishwe kwenye nguzo zote tatu za ovalodi, vinginevyo yenyewe inadhani njia nyingine zimekatika itakuwa inajizima ovyo. Hii kazi afanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, mimi ni seremala najua ninachokitaka ila bisibisi ya kwenye boksi la umeme simshikii mtu.

Na ninachokitaka ni hiki. Zile risiva za bei rahisi zinakuwa na kitufe kidogo cha kuifundisha rimoti, na kwenye nyingi ukikibonyeza mara moja kabla ya kufundisha inakuwa ya bonyeza-achia, yani inafanya kazi pale tu kidole kiko juu ya kitufe, ukibonyeza mara mbili inakuwa kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima. Mafundi wengi wanaweka hii ya pili kwa sababu ndo rahisi. Kwenye taa ya sebuleni sawa. Kwenye karakana ni balaa, maana mko watu wanne mmeziba masikio, msumeno unalia, mashine ya msasa inalia, kolekta iko nyuma ya ukuta, wewe hujui kama inaunguruma au la, unabonyeza ili uwashe kumbe mwenzako kashawasha, umemzimia. Naye anaona vumbi linamrudia usoni anabonyeza, na wewe unabonyeza, mnashindana hivo bila kujuana.

Kwa hiyo chukua risiva yenye relei mbili, zote ziwe bonyeza-achia. Kitufe A kinafungwa sambamba na swichi ya kijani ya kuwashia, kitufe B kinafungwa kwa kufuatana na swichi nyekundu ya kuzimia, pale kwenye mguu wa relei ambao kwa kawaida umefunga, yani unapitisha umeme mpaka ubonyeze. Kontakta inajishikilia yenyewe kwa kibati chake cha pembeni, yani ikishawaka inabaki imewaka hata ukiachia kitufe. Ukibonyeza A mara moja au mara ishirini matokeo ni moja tu, inawaka, na B daima inazima. Hakuna kushindana.

Faida ya pili wengi hawaifikirii mpaka iwakute. Umeme ukikatika, na sisi wote tunajua unavyokatika, kontakta inaachia, na ukirudi mashine inabaki imezima mpaka mtu aiwashe kwa makusudi. Kuna risiva zinakumbuka zilipoishia, umeme ukirudi usiku karakana imefungwa kolekta inawaka yenyewe inavuta hewa mpaka asubuhi, inakula karibu uniti mbili za Luku kila saa na hakuna mtu wa kusikia mota ikianza kunuka. Faida ya tatu ni kwamba swichi za ukutani bado zipo palepale zinafanya kazi. Rimoti ikipotea hamjasimama. Mimi nimeona sehemu wamefunga kolekta ya maana kabisa, rimoti ndo njia pekee ya kuiwasha, ikapotea, wiki nzima wanakata mbao kwenye wingu la vumbi wakisubiri mtu aende mjini.

Sawa, sasa kupotea kwenyewe.

Rimoti zinapotea kwa njia zinazojulikana, siyo uchawi. Njia kuu ni mfuko. Fundi anawasha, mikono yake inataka ubao, anatumbukiza rimoti mfukoni, saa kumi na mbili anapanda daladala na rimoti imeshafika Mbagala. Asubuhi anarudi na suruali nyingine. Mkali zaidi ni yule ambaye suruali imefuliwa. Njia ya pili ni maranda, rimoti nyingi ni nyeusi, inawekwa juu ya meza ya randa, randa inatetema, inadondoka, maranda yanaifunika, jioni kijana anafagia kwa bidii zake zote anaitia kwenye kiroba na kesho yake yule mama wa kuku anakuja kuchukua maranda yake ya bandani. Tena anashukuru. Na njia ya tatu ndo inachekesha, inavutwa na kolekta yenyewe. Mtu kaiweka karibu na mdomo wa bomba la kufagilia, ile sehemu ya chini unaposukumia uchafu, fyuu, imekwenda. Hapo ukiwa na bahati imeangukia kwenye mfuko nzima, ukikosa bahati imepita kwenye feni na utasikia huo mlio mpaka mtaa wa pili.

Watu wanatoa ushauri wa kuivaa shingoni kwa kamba kama kitambulisho cha ofisini. Hapana. Hapana kabisa. Kitu chochote kinachoning'inia kifuani kwako unapoinamia randa, lathe au mashine ya kutobolea kinaweza kudakwa na kukuvuta wewe mzima, na hiyo kamba ya kitambulisho ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ndo sababu ile ile hatuvai tai, mikufu na mikono mirefu. Kama lazima uivae, ibanwe kwenye mfuko wa kifuani wa aproni wenye zipu au bonyezo, ila sisi aproni zenyewe zinavaliwa siku mteja mkubwa anakuja.

Kilichotusaidia sisi ni akili ya gesti hausi. Si unajua funguo za gesti zinavyofungwa kwenye kibao kikubwa ili mgeni asiondoke nazo? Basi. Tumechukua vipande vya mkongo vilivyobaki, tukavikata inchi tano kwa inchi tano, unene wa inchi moja, tukachimba kwa rauta, ile mashine ya kuchimba mbao, kitanda ambamo rimoti inakaa sawasawa, imefungwa kwa kibati chembamba na skrubu mbili ili kubadilisha betri iwezekane, halafu kibao chote kikapigwa rangi ya chungwa inayoumiza macho. Hakiingii mfukoni. Hakiingii kwenye bomba la inchi nne hata ukikigeuza vipi. Kikidondoka kwenye maranda unakiona kutoka mlangoni. Na kwa sababu kina uzito, mtu akishakishika anataka kukitua, na nyuma ya kibao kuna sumaku, zile za spika bovu, anakibandika kwenye mwili wa mashine anaendelea na kazi. Kuna kijana alisema kinafanana na kitu cha watoto wa chekechea, nikamwambia ndo lengo.

Halafu usiwe na rimoti moja. Risiva moja inakubali kufundishwa rimoti nyingi, na rimoti za ziada siyo hela ya kukufilisi. Sisi kila mashine kubwa ina yake, msumeno wa meza, randa, msumeno wa mkanda, na kila kibao kimeandikwa jina la mashine yake kwa pasi ya moto. Mwanzoni nilitaka kila fundi awe na ya kwake, nikaona hapana, maana kitu cha mtu kinatembea na mtu na kitu cha mashine kinakaa na mashine. Fundi anahama, anaumwa, anaenda msibani Tanga, msumeno hauendi popote. Jioni vibao vyote vinatundikwa kwenye ubao ulio karibu na mlango, kila kimoja na nafasi yake iliyochorwa, ukiona tundu umeona tatizo kabla geti halijafungwa. Hiyo ya ubao wala siyo akili yangu, karakana yoyote yenye nidhamu inafanya hivo kwa patasi, sisi tumeongeza rimoti tu.

Na ikipotea kweli, ikawa imekwenda na haionekani, usiiache ikae kwenye kumbukumbu ya risiva. Futa zote, kwenye nyingi ni kubonyeza kile kitufe cha kufundishia mara nane, halafu zifundishe upya zile ulizonazo. Kwa nini? Kwa sababu rimoti iliyopotea bado inawasha mashine, na hujui iko mkononi kwa nani, labda kwa mtoto wa fundi anaichezea barazani jirani na karakana.

Ambalo linanipeleka kwenye kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko kupotea kote. Kolekta ikiziba, na itaziba, maana maranda marefu ya randa yanajikunja kwenye mdomo wa feni, mtu atafungua na kuingiza mkono mle ndani. Wakati huo kuna rimoti tatu nne ndani ya karakana, na walio ndani hawamwoni aliye nje nyuma ya ukuta. Mmoja anawasha msumeno, mkono wake kwa mazoea unaenda kwenye kitufe A. Ile feni haina huruma. Kwa hiyo kwetu sheria ni kwamba anayefungua kolekta anachomoa plagi na anaondoka nayo, yani anaishika mkononi au anaikalia, kuzima kwa rimoti hakuhesabiki kuwa imezimwa. Kama yako imefungwa moja kwa moja bila plagi, weka swichi kubwa ya kukata umeme pale pale nje inayoweza kutiwa kufuli. Na isitokee hata siku moja mtu akafunga msumeno wenyewe kwenye rimoti. Kolekta tu. Msumeno unawashwa na aliyesimama mbele yake basi.

Mambo madogo madogo. Risiva ikikaa ndani ya boksi la chuma mawimbi yanakufa, toboa tundu utoe waya wa antena nje, kwa 433 urefu wa sentimita 17 na kidogo unafaa. Ukiona lazima usogee ndo iitike angalia betri kwanza kabla hujamlaumu mtu, rimoti nyingi za hivi zinatumia kile kibetri kifupi kilichoandikwa 23A cha volti 12, mafundi alamu za magari wanavyo. Kitaa chake kikiwaka kwa unyonge ujue bado siku chache. Vumbi likiingia kwenye vitufe usipulize kwa mdomo ukatia na mate, na kompresa nayo iwe kwa mbali, sisi siku hizi tunapitisha selotepu pana juu ya vitufe na kuibadilisha ikichakaa. Na msizime-washe kila baada ya ubao mmoja kwa sababu tu rimoti imerahisisha, ule umeme wa kuanzia unachemsha mota na kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, kama unakata mbao kumi acha ivute mpaka umalize, Luku utakayoiokoa kwa kuzima dakika mbili haifiki bei ya kapasita mpya. Isitoshe ukimaliza kukata inatakiwa iendelee kidogo isafishe mabomba.

Kuna wanaosema haya yote ya nini, funga kile kifaa kinachohisi umeme, ukiwasha msumeno kolekta inawaka yenyewe na inachelewa sekunde kadhaa kuzima. Ni kweli na ni kizuri, kwa fundi anayefanya kazi peke yake ningekichukua bila kufikiria. Ila kwetu watu wengi, mashine nyingi, zingine za njia tatu zingine za njia moja, kila mashine ingetaka kihisio chake, na bado yule anayefagia na yule anayepiga msasa kwa mkono juu ya meza wangehitaji kitufe.

Kwa atakayetaka mchoro wa waya, nikipata muda nitauchora niuweke. Kwa sasa mwonyeshe fundi umeme wako pale nilipoeleza A na B, akikwambia haiwezekani tafuta mwingine.